Pamba Kati ya Mbao

Chombo kikishapigiliwa ubao wa mwisho, watu wa pwani hawakihesabu bado kuwa chombo. Kimesimama juu ya magadi yake, mkuku wake wa chini umenyooka, mataruma, zile mbavu zake, yamekaa sawasawa, mbao zimejipinda vizuri toka omo mbele hadi tezi nyuma, na mgeni anaweza kukipiga picha akaondoka akiamini kazi imekwisha. Lakini panda uingie ndani asubuhi, jua likiwa bado chini, ugeukie upande linakotokea. Hapa na pale utaona mistari myembamba ya mwanga imepenya kati ya ubao na mwenzake. Panapopita mwanga, maji hayatashindwa. Kuizima mistari ile, mmoja baada ya mwingine, ndiko kutia kalafati, na ndiyo kazi ninayotaka kuisifu hapa, maana naiona inasifiwa kidogo mno kuliko inavyostahili.

Waundaji wa vyombo wana jina tayari. Nungwi, Jibondo kule Mafia, Matondoni na vijiji vingine vya visiwa vya Lamu, watu wanajua jahazi fulani liliundwa na fulani, na mtoto wake naye anaunda. Fundi wa kalafati hatajwi hivyo. Kazi yake ikiwa nzuri haionekani: imefunikwa na puti, puti imefunikwa na deheni, na deheni imefunikwa na bahari. Siku inapoonekana ni siku iliyokosewa, na siku hiyo watu wako mbali na nchi kavu.

Kwanza tuyaelewe maungio ya mbao, kwa sababu wengi huyadhania kuwa ni kasoro ambayo fundi angeiondoa kama angekuwa hodari zaidi. Sivyo. Fundi hodari huacha nafasi ile kwa makusudi. Kingo za mbao mbili hukutana kwa ndani zikagusana, kisha kwa nje zikaachana kidogo, milimita 2 au 3, hata mtu akikikata chombo vipande ataona umbo la kabari lililofunguka kuelekea baharini. Pamba huingia humo kutoka nje, ikafinywa kadiri inavyozama, na ule mgusano wa ndani huizuia isitokee upande wa pili. Maji yanapoisukuma, huisukuma kuelekea pembamba zaidi. Kadiri bahari inavyoshindilia, ndivyo pamba inavyozidi kukaa.

Na kwa nini nafasi iwepo kabisa? Kwa sababu ubao hunywa maji. Mvule, msaji, mbambakofi, yote hunywa, kila mti kwa kiasi chake. Ubao ukilowa hutanuka upande wa upana wake; kwa urefu hauongezeki kiasi cha kuhesabika. Ubao wenye upana wa sentimita 20, uliokaa juani ukakauka vizuri, unaweza kuongezeka milimita kadhaa ukizama. Zidisha hiyo kwa mbao zote kuanzia mkuku hadi ukingo wa juu, utaona ni nguvu gani inayozaliwa ndani ya tumbo la chombo siku kinaposhuliwa. Mbao zilizobanwa bila nafasi zitasukumana, zitang'oa misumari, na mara nyingine zitavunja mataruma. Zikiachiwa nafasi kubwa mno, pamba haitabanwa na itatoka yenyewe. Fundi huchagua ukubwa wa mwanya akiwa nchi kavu, kwa ubao mkavu, akiwaza ubao uliolowa ambao hajauona bado.

Pamba yenyewe ina mambo yake. Inatakiwa pamba mbichi yenye nyuzi ndefu, iliyochambuliwa ikabaki safi bila mbegu wala makapi. Sufi haifai, ingawa imejaa pwani nzima na hujaza mito na magodoro yetu. Nyuzi zake ni laini za kuteleza, hukatika upesi, hazishikani zikisokotwa, na kwa asili yake sufi huyakataa maji. Pamba huyapokea, hutanuka pamoja na ubao, na hapo ndipo faida yake. Bara la Ulaya walitumia zaidi nyuzi za katani zilizochambuliwa kutoka kamba kuukuu na kutiwa lami. Huko Uingereza kazi ya kuchambua kamba hizo walipewa wafungwa na maskini wa nyumba za kazi, wakaifanya hadi vidole vikavuja damu. Huku kwetu kuchambua pamba ni kazi ya kivulini, na mara nyingi huwa ndiyo ya kwanza ya kijana anayeanza.

Kusokota hufanyika pajani, kwa kiganja, kama mtu asokotavyo kamba. Utepe wa pamba huvutwa polepole huku mkono wa pili ukiuviringisha, na unene wake hupimwa kwa jicho kulingana na mwanya unaongoja. Penye mwanya mwembamba hutosha uzi mmoja. Penye mwanya mpana huunganishwa miwili ikasokotwa pamoja. Kisha huchovywa katika mafuta ya nazi, au sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka hata upepo ukigeuka utajua kuna chombo kinachohudumiwa. Mafuta huzuia pamba isioze upesi na huifanya iteleze vizuri inapopigwa. Ni lazima ikamuliwe baadaye. Pamba inayochuruzika mafuta haina tena nafasi ya kupokea maji, kwa hiyo haitatanuka wakati wake ukifika.

Sasa chukua patasi ya kalafati. Ni bapa na pana, na haina makali. Ingekuwa na makali ingeikata pamba badala ya kuisukuma. Fundi huiweka ncha ya uzi katika mwanya, akaugusa kwa patasi, akapiga nyundo mara moja, kidogo tu, ushike. Kisha hauvuti uzi ukanyooka. Huukunja kitanzi kidogo, akakisukumia ndani, kitanzi kingine, akakisukumia, na kingine. Kwa njia hii urefu wa mkono mmoja wa mwanya humeza uzi mrefu zaidi ya huo, na hapo ndipo ufundi unapojificha, kwa sababu mwanya haulingani popote. Panapopanuka, fundi hukunja vitanzi vikubwa na vya karibu. Panapobana, huvirefusha na kuviachanisha. Mkono wa kushoto unafanya hesabu hii muda wote bila kusimama, wakati wa kulia unapiga. Ukimtazama kwa mbali utaona mtu anayepiga nyundo. Karibia, utaona nyundo ni sehemu ndogo ya kazi.

Akimaliza hatua chache hurudi nyuma na kupiga mara ya pili, safari hii kwa nguvu, kuishindilia. Hapa ndipo sauti inapoanza kusema. Pamba ikiwa bado imelegea, nyundo hutoa mlio mzito uliokufa. Inapojaa, mlio hupanda, ukawa mkavu na wa juu, na ubao mzima unaitikia. Nilimwomba mzee mmoja wa kazi hii, baada ya shikamoo na habari za nyumbani, anieleze anajuaje kuwa inatosha. Hakueleza. Alinipa nyundo na patasi akaniambia, "Piga, mwanangu." Nikapiga. "Bado." Nikapiga tena. "Bado hapo." Nikapiga, na mlio ukabadilika kweli, hata mimi niliusikia. "Basi. Usiongeze hata moja."

Hilo la kutoongeza ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linaloipa kazi hii heshima machoni pangu. Mtu mwenye nguvu na bidii, asiye na sikio, ataendelea kupiga akidhani anaongeza usalama. Pamba itapenya hadi ndani na kuning'inia juu ya ngama, ile sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, na mwanya utakuwa mtupu tena; au itafanya kazi ya kabari na kuusukuma ubao utoke kwenye mataruma yake. Kisha chombo kitashuliwa, ubao utatanuka, na hautapata pa kwenda. Kalafati iliyozidi huvunja chombo sawa na iliyopungua. Fundi anatakiwa aifikishe kazi karibu na mwisho, halafu aiachie bahari imalizie.

Na bahari humalizia. Jahazi jipya, au lililokaa pwani msimu mzima wa kusi likakauka, likishuliwa huvuja, na hakuna baharia anayetaharuki. Maji hukusanyika ngamani, vijana huyakumba, usiku huwekwa mtu wa kuamka na kuyatazama. Siku ya pili yanapungua. Baada ya siku chache mbao zimekunywa, pamba imebanwa pande zote, na ngama inabaki na unyevu wa kawaida tu. Wazee husema chombo kimejifunga. Kazi iliyoanza kwa patasi imefungwa kwa maji yaleyale iliyokusudiwa kuyazuia, na sijui ufundi mwingine ambao adui yake hugeuzwa mshirika kwa namna hii.

Maungio siyo njia pekee ya maji. Kila tundu la msumari ni mlango. Fundi hutoboa kwanza kwa keekee, kisha kabla ya kuupiga msumari huuzungushia pamba yenye mafuta chini ya kichwa, mizunguko michache iliyokazwa, ili kichwa kikizama katika ubao kiifinye pamba ile na kuziba njia. Jahazi moja lina mamia ya misumari. Hebu mfikirie kijana aliyekaa na rundo la misumari upande mmoja na pamba upande mwingine, akizungushia mmoja mmoja, asubuhi hadi adhuhuri. Akichoka akaruka kumi, hakuna atakayejua leo.

Pahali pabaya kuliko pote ni maungio ya ubao wa kwanza na mkuku. Yako chini kabisa, hupokea shinikizo kubwa zaidi, husukumwa kila chombo kinapogusa mchanga, na ili kuyafikia fundi hulala chali juu ya mchanga uliolowa, mikono juu, mafuta yakimdondokea usoni. Hapo nyundo haipati nafasi ya kuruka. Mwenye chombo anayetaka kujua kama amempata fundi wa kweli asisimame kando kutazama ubavu; ainame atazame pale chini, maana pale hakuna anayefanya vizuri kwa ajili ya kuonekana.

Huko Marekani, katika karne ya 19, kazi hii ilimlisha bwana mmoja kwa jasho la mtumwa aliyekuja kujulikana dunia nzima. Frederick Douglass alijifunza kalafati katika viwanda vya meli vya Baltimore akiwa bado mtumwa. Alifikia kulipwa ujira wa fundi bora, dola moja na nusu kwa siku, na mwisho wa wiki alilazimika kumkabidhi bwana wake pesa zote. Mwaka 1838 alitoroka, akafika New Bedford, mji wa meli za kuvulia nyangumi, akiwa na ufundi kamili mikononi. Mafundi weupe walikataa kufanya kazi pamoja naye, ikambidi apasue kuni, abebe makaa na kufanya vibarua vya kila namna. Haya aliyaeleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1845. Nayataja kwa sababu wapo wanaodhani kalafati ni kibarua cha yeyote aliyekosa kazi nyingine. Pale Baltimore ilikuwa na thamani kubwa kiasi kwamba mtu mmoja alimiliki mwili wa mwenzake ili aivune.

Turudi pwani. Pamba ikishatiwa na kufunikwa kwa puti, chini ya mstari wa maji hupakwa deheni, yaani chokaa iliyokorogwa na mafuta. Chokaa ya matumbawe yaliyochomwa huchekechwa, huchanganywa na mafuta ya wanyama au ya samaki hadi iwe nzito, na hupakwa kwa mkono mtupu. Ndiyo ile rangi nyeupe iliyokuwa ikionekana chini ya majahazi ya Oman na Ghuba yalipopwelewa Unguja na Mombasa baada ya kuja na kaskazi. Mkono ndiyo brashi yake, na kwa sababu nzuri: vidole husikia mkwaruzo, msumari uliotokeza, na mahali pamba haikujaa.

Deheni hukikinga chombo na adui mdogo kuliko wote, yule mnyama wa baharini anayetoboa mbao. Watu humwita mdudu, naye kwa umbo anafanana na mnyoo, lakini ni wa jamii ya kome na chaza, na magamba yake mawili madogo ya kichwani ndiyo msumeno wake. Huingia akiwa mchanga sana, kwa tundu lisilozidi kichwa cha pini, kisha hukua ndani kwa ndani akifuata nyuzi za ubao. Nje ubao ni mzima. Ndani umebaki vumbi na mashimo. Mwaka 1503 Christopher Columbus alilazimika kuzipandisha meli zake mbili za mwisho kwenye ufuo wa Jamaika kwa sababu zilikuwa zimeliwa kiasi hicho, akakaa kule zaidi ya mwaka akingoja kuokolewa. Kalafati nzuri kuliko zote haisaidii kitu ubao ukitobolewa.

Kwa hiyo chombo huhudumiwa tena na tena. Bamvua huja kila baada ya wiki mbili hivi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na Unguja maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Chombo huletwa na maji makubwa hadi juu ya ufuo, hutiwa magadi, na maji yakipwa hubaki kikavu. Hukwanguliwa uchafu, kisha hupigwa moto wa makuti: mienge mirefu hupitishwa chini ya tumbo, polepole, hadi ubao utoe mvuke na wale wanaokula ndani wafe, lakini usiungue. Nyuma ya moto huja fundi wa kalafati. Hupita mwanya hadi mwanya akigonga kwa kidole na kwa patasi, akaikokota pamba iliyochoka, ile iliyogeuka nyeusi na kukatika, akaacha iliyo hai. Haibadilishi yote. Huchagua. Saa ni chache kabla maji hayajarudi, hivyo hana muda wa kukosea, na bado hutampata mtu mtulivu kama yeye pwani nzima.

Palikuwa na vyombo vilivyoidai kazi hii zaidi kuliko jahazi. Mtepe wa visiwa vya Lamu haukuwa na msumari wa chuma. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na kila tundu la kamba lilipaswa kuzibwa. Ulivuja sana, na kukumba maji ilikuwa kazi ya safari nzima. Hauundwi tena kwa matumizi. Mwaka 1980 pale Sur, Oman, iliundwa meli iitwayo Sohar kwa ajili ya safari ya msafiri Tim Severin, chombo kizima kikishonwa kwa kamba za makumbi, na mwaka uliofuata kilifika Guangzhou, Uchina. Lakini kuhusu mtepe wenyewe, mengi tunayoyajua tumeyapata kwenye maandishi ya watafiti kama James Hornell, aliyeuandika kwa kirefu mwaka 1941, na kwenye mitepe midogo, ile mifano iliyochongwa na watu waliouona mkubwa kwa macho yao.

Mifano hii ndiyo inayonileta kwa mafundi wengine, wanaounda vyombo vidogo vya kuelea kweli. Wengi pwani huchonga mashua ya kuweka mezani, na hiyo haihitaji kalafati. Lakini wapo wanaoitaka iende na upepo, na hao hukutana na tatizo gumu kuliko wanavyotazamia. Ubao wa chombo chenye urefu wa sentimita 60 una unene wa milimita 2. Hauna kina cha kushika pamba. Ukiuacha unywe maji, utapinda siku hiyohiyo. Na kwa kuwa chombo hicho hukaa kabatini wiki nzima kisha kikawekwa majini saa moja, kingekuwa kinatanuka na kusinyaa bila kikomo hadi kipasuke. Jahazi huachwa linywe. Kidau, yaani hiki chombo kidogo, lazima kinyimwe maji kabisa, ndani na nje, kama Biblia inavyosimulia kuwa safina ya Nuhu ilipakwa lami ndani na nje.

Fundi wa vidogo huzima taa, akaingiza tochi ndani ya kidau na kutazama mwanga unapochungulia. Kisha hukusanya vumbi la msasa la mti uleule, akalichanganya na gundi likawa puti yenye rangi ya ubao, na kuijaza kwa ncha ya kidole. Ikikauka husuguliwa kwa msasa uliofungwa kwenye kitu kinachopinda, sponji au kipande cha ndara, ili ufuate tumbo la chombo na usichimbe bonde. Macho hudanganyika na rangi ya mti. Wanaojua hufumba macho, wakapitisha vidole toka omo hadi tezi. Kidole huhisi kituta ambacho jicho halikioni hadi siku ya rangi.

Kisha ndani. Wengi huanza nje kwa haraka ya kuona uzuri, nami nawaambia ndani ndiko kwa kuanzia, kwa sababu maji yakishaingia hukaa humo na hakuna upepo wa kuyakausha. Rezini ya epoksi ya mkono wa kwanza iwe nyepesi kama tui la pili, ipenye na isibaki juu. Humiminwa, chombo hugeuzwa huku na huku ifike kila kona nyuma ya mataruma, na iliyobaki humwagwa. Nje huwekwa kitambaa chembamba cha faiba, rezini ikapigwa juu yake kwa brashi hadi weupe wa kitambaa upotee na ubao uonekane tena chini yake. Wakati mzuri ni alasiri, joto likianza kushuka. Asubuhi hewa iliyo ndani ya vinyweleo vya ubao hupata joto, hutanuka na kusukuma nje, na rezini hujaa mapovu. Jioni hewa hiyo husinyaa na ubao huivuta rezini ndani. Aliyeitambua siri hii hahitaji rezini ya bei kubwa.

Kabla ya rangi, fundi hutandaza karatasi ya shashi kavu juu ya mkuku kwa ndani, akakiweka kidau kwenye beseni la maji na uzito wake wote, akakiacha. Tone moja litaandika mahali pake kwenye karatasi. Rangi au vanishi hufuata, na si ya urembo tu, kwa kuwa epoksi isiyofunikwa huharibiwa na jua.

Nakipenda kidau, na nawaheshimu wanaokiunda. Lakini nikiambiwa nichague, nachagua pamba, kwa sababu inaweza kutolewa. Rezini ikishashika imeshika; maji yakipata njia chini yake hayana pa kutokea, na ubao huoza kimya chini ya ngozi inayong'aa. Pamba ikichoka hukokotwa, ubao hupumua na kukauka, pamba mpya huingia, na chombo kinaendelea kuhudumiwa hivyo kwa miongo ya miaka, hadi wajukuu wa mwenyewe. Hilo linanifanya niseme wazi juu ya mtindo unaoenea sasa, wa kulivika faiba jahazi kuukuu la mbao ili lisivuje tena. Jahazi la mbao nene halitulii. Hutanuka, husinyaa, hujinyonga kwenye mawimbi. Faiba iliyowekwa juu yake hupasuka mahali asipopaona mtu, maji huingia na hayatoki, na baada ya miaka michache mwenyewe ana ganda zuri lenye uozo ndani. Boti iliyoundwa kwa faiba toka mwanzo ni kitu kingine, nami sina neno nayo.

Basi wewe mwenye mashua au jahazi la mbao, likianza kuvuja usikimbilie ndoo ya rezini. Ngoja bamvua, lipandishe, umwite fundi wa kalafati angali hai na mkono wake ukiwa bado na nguvu, na umlipe ujira wa fundi badala ya wa kibarua. Na siku hiyo mpe na kijana mmoja wa kumsokotea pamba, umlipe naye.